Chungu Kilichooshwa

Msichana wa bia ananiletea vigilasi vinne juu ya ubao,
Area D, jioni ya Septemba, vumbi limekaa hadi kwenye nyusi.
Hii ya mwanzo ni ya mtama, anasema, tumeipika wenyewe hapo nyuma.
Onja, baba, uniambie unasikia nini.

Nasikia ulimi ukirudi Mvumi bila nauli.

Mama yangu Perusi aliloweka mtama Jumapili, baada ya ibada,
gunia ndani ya beseni, jiwe juu ya gunia.
Jumatano punje zimeota mikia myeupe,
Alhamisi ziko juu ya paa la tembe, nami na fimbo
nafukuza kuku wa jirani na mbuzi wetu wenyewe.
Kazi yangu nyingine ilikuwa chaki.
Nyuma ya mlango: Mezaheri, mistari minne.
Fundi Yoramu, sita.
Mzee wa kanisa hakuandikwa jina.
Chora msalaba, alisema mama, tutaelewana.
Hesabu nilijifunzia pale, kabla ya shule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa na nia njema.
Mama kaenda kisimani. Nikachungulia chungu kikubwa:
ukoko mweusi wa miaka na miaka,
unanuka kama soksi za mwalimu mkuu.
Nikachukua majivu, mchanga, gunzi la hindi,
nikasugua mpaka udongo ukaonyesha wekundu wake,
nikakianika juani, nikakaa kando kusubiri sifa.

Alikitazama. Akaketi chini na ndoo yake. Hakunipiga.
Alisema neno moja la Kigogo
ambalo sijalisikia tena kwa mtu yeyote,
kisha akapika hivyo hivyo, maana kimea kilishasagwa.

Jumamosi wateja walikuja wakanywa uji.
Mtamu, mpole, kama dawa ya mtoto.
Povu hakuna. Hakuna aliyeimba.
Mezaheri alirudi kwake mzima, akabisha hodi kwa adabu,
mkewe akatia komeo akidhani ni mgeni.
Fundi Yoramu alikumbuka mabati ya watu.

Na ada yangu ya muhula ilikuwa mle chunguni.

Usiku mama akajitanda khanga, tukavuka korongo
hadi kwa Nhonya, mpishi mwenzake,
ambaye hawakusemezana tangu ugomvi wa debe la uwele.
Mimi nilishika koroboi.
Nhonya hakuuliza kitu. Alikwangua chungu chake
kwa kipande cha kibuyu, kwa subira,
akafunga ukoko kwenye kitambaa, kiasi cha ngumi.
Halafu akachota kata moja.
Wakanywa kwa zamu, wamesimama, bila neno,
kata ikipita juu ya kichwa changu, kwenda na kurudi.
Tone la povu likaniangukia kwenye paji la uso.
Sikulifuta. Nililala nalo.

Nimekunywa nyingi tangu hapo.
Za chupa, za kopo, za harusi za wakubwa
ambako mtu anakunywa huku anaangalia nani anakunywa.
Nikiulizwa ipi naikumbuka, naikumbuka ile
ambayo sikuionja.

"Baba, unasikia nini?"
Nyuma ya kioo mapipa ya chuma yanang'aa.
"Tunayaosha mara tatu," anasema, kidevu juu, "na dawa."
Nacheka mpaka watu wa meza ya pili wanageuka.
Ananikasirikia kidogo, ana haki.

Bia yake ni nzuri, nisiseme uongo.
Ina ubaridi, na uchungu wake unaondoka polepole kama mgeni mwenye heshima.
Elfu nane ubao mzima. Mama angeniuliza: kwa siku ngapi?

Namaliza cha nne. Kwa kidole kilicholowa povu
nachora mezani mstari, mstari,
mstari, mstari,
na pembeni yake msalaba.

Anakuja na kitambaa chake.
Subiri, binti, namwambia. Usifute.
Acha pakauke penyewe.